Nyumba ya Handel na Haleluya Tunayoiimba

Kwa miaka 50 kwaya yetu imeimba Haleluya ya Handel kila Krismasi na kila Pasaka. Wengi wetu tuliujifunza wimbo huo kwa solfa zilizoandikwa ubaoni kwa chaki, tukazijua sauti zetu kwa moyo kabla ya kujua mtunzi alikuwa nani. Mwaka jana wanne kati yetu tulijaliwa kufika London, nasi tukaazimia kwamba haturudi Mombasa kabla ya kuiona nyumba ulimotungwa. Kamati ya yubilei imetuomba tuandike tuliyoyaona.

Nyumba yenyewe iko Brook Street, nambari 25. Ni nyumba ya matofali, nyembamba na ndefu kwenda juu, na mtu akipita haraka anaweza kuikosa. George Frideric Handel alizaliwa Halle, Ujerumani, mwaka 1685. Alihamia katika nyumba hii mwaka 1723, ingali mpya, akaishi humo miaka 36 hadi alipofariki tarehe 14 Aprili 1759. Hata baada ya kupewa uraia wa Uingereza mwaka 1727 hakuhama. Kwa hiyo mtunzi tunayemwona mkubwa kuliko wote alikaa humo kama mpangaji.

Chini kabisa kuna jiko. Ukipanda ngazi unafika chumba cha mazoezi chenye kinanda cha kale, na hapo ndipo waimbaji walipokuja kujifunza sehemu zao. Tulicheka tulipokiona, kwa kuwa si kikubwa kuliko chumba chetu cha nyuma ya kanisa ambacho tumekilalamikia miaka yote. Kando yake kuna chumba kidogo ambacho huaminika ndicho alichotungia. Ghorofa ya juu yake kuna chumba cha kulala chenye kitanda cha mapazia mekundu.

Katika nyumba hiyo, tarehe 22 Agosti 1741, Handel alianza kuandika Messiah. Maneno alikuwa amepewa na rafiki yake Charles Jennens, aliyeyachagua kutoka kwenye Biblia. Tarehe 14 Septemba kazi ilikuwa imekwisha: siku 24 tu. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 56. Miaka minne nyuma alikuwa amepooza mkono wa kulia akapona, na opera zake hazikuwa zikivutia watu kama zamani.

Messiah haikuimbwa kwanza London. Iliimbwa Dublin, Ireland, tarehe 13 Aprili 1742, na waimbaji wa makanisa makuu mawili ya mji huo. Wanawake waliombwa wasivae magauni yenye mabati ya kuyatanua, na wanaume waache panga zao nyumbani, ili watu wengi zaidi wapate nafasi. Walikuja kama 700. Fedha zilizopatikana ziligawiwa hospitali mbili pamoja na wafungwa waliowekwa gerezani kwa ajili ya madeni. Wafungwa 142 walilipiwa madeni wakaachiliwa. Tangu mwaka 1750 Handel aliiongoza pia kusaidia nyumba ya watoto waliotupwa, na alipofariki aliwaachia nakala ya muziki wake.

Jambo moja dogo kuhusu desturi yetu ya kusimama. Tumekuwa tukifundishana kwamba Mfalme George wa Pili alisimama aliposikia Haleluya, na watu wote wakasimama naye. Huenda ni kweli, lakini habari hiyo iliandikwa mara ya kwanza zaidi ya miaka 30 baada ya siku inayosemwa. Sisi tutaendelea kusimama, maana hatumsimamii mfalme yule.

Vijana wetu wa gitaa walifurahia mlango wa pili. Katika nambari 23, kwenye ghorofa ya juu, ndipo alipoishi Jimi Hendrix, mpiga gitaa Mmarekani Mweusi, miaka ya 1968 na 1969. Alipojua kwamba Handel alikuwa ameishi jirani, alikwenda dukani akanunua rekodi zake. Leo nyumba hizo mbili ni makumbusho moja.

Sasa tunafika kwenye jambo lililotukosesha usingizi. Watafiti waliopekua vitabu vya hisa vya wakati ule wamekuta jina la Handel miongoni mwa waliowekeza katika Royal African Company mwaka 1720. Kampuni hiyo ilinunua Waafrika katika pwani ya Afrika Magharibi na kuwasafirisha kama watumwa hadi ng'ambo ya Atlantiki. Mkono ule ule ulioandika Haleluya uliweka pia sahihi katika vitabu hivyo.

Sisi ni watu wa Mombasa. Kengele ya Freretown ipo hapa hapa Kengeleni, na wengine wetu ni wajukuu na vitukuu vya watu walioteremshwa hapo katika miaka ya 1870, baada ya kuokolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Wengi tumesoma Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela. Biashara ile ya Atlantiki haikuwa hii ya Bahari ya Hindi, lakini mnyororo ni mnyororo.

Tuliporudi tuliwaeleza wenzetu wote, na mazoezi ya jioni hiyo hayakuendelea. Mmoja wetu alisema afadhali Haleluya iondolewe kwenye ratiba ya yubilei. Mama mmoja wa sauti ya pili, ambaye bibi yake alizaliwa Freretown, alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba maneno ya wimbo ule yametoka katika Maandiko, hayakutoka mfukoni mwa Handel. Na kwamba watu wa kwao waliimba haleluya baada ya minyororo kukatwa, hivyo hataki kunyang'anywa wimbo huo na mtu aliyenunua hisa. Lakini akaomba watoto waambiwe ukweli wote, si nusu.

Tumemsikiliza. Katika Walawi 25, mwaka wa yubilei ni mwaka wa kuwaacha huru waliouzwa na kumrudishia kila mtu urithi wake. Hatuwezi kuadhimisha mwaka kama huo huku tukificha habari za watumwa. Ndiyo sababu tumeandika haya katika kijitabu hiki. Ndiyo sababu pia, kabla ya Haleluya, tutanyamaza kwa dakika moja tukiwakumbuka waliouzwa, wa magharibi na wa mashariki.

Na kama walivyofanya watu wa Dublin, sadaka itakayotolewa wakati wa wimbo huo haitakwenda kwenye mfuko wa kwaya. Itawalipia madeni ya hospitali washirika wetu walioshindwa.

Baada ya dakika hiyo, tafadhalini simameni. Besi wataanza polepole mwaka huu, wameahidi.