Mtu Mzima Anayemshawishi Mtoto Ajiue: Kosa Hukamilika Lini?

Kifungu cha 225 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinampa kifungo cha maisha anayemshauri mwenzake ajiue, ikiwa ushauri huo ndio uliomfanya ajiue. Kifungu cha 216 cha Tanzania kinasema karibu hayo hayo. Adhabu ni kali, lakini mtoto wa miaka 12 na mzee wa miaka 60 wamewekwa kapu moja, na bila kifo kilichotokana na maneno yale, ushauri pekee si kosa chini ya vifungu hivi.

Kwa vifo vya watoto 191 wa Shakahola, Kenya, ambako waumini waliambiwa wafunge hadi kufa, mashtaka yaliyosomwa Malindi Februari 2024 dhidi ya mhubiri Paul Mackenzie na wenzake yalikuwa ya mauaji. Walikana. Naona uamuzi huo una mantiki: mtoto anayelazimishwa kufunga na wakubwa wake hajachagua lolote. Lakini shtaka la mauaji halimfikii kirahisi mtu mzima anayemnong'onezea mtoto kupitia simu tu. Huko Missouri, Marekani, msichana wa miaka 13 alijiua mwaka 2006 baada ya kutukanwa kupitia akaunti ya mvulana wa kubuni, ambayo mama mmoja jirani alihusika nayo. Waendesha mashtaka wa jimbo hawakupata kosa la kumshtakia. Wale wa serikali kuu wakampeleka kortini Los Angeles kwa kukiuka masharti ya MySpace, mtandao ilikokuwa akaunti hiyo. Baraza la wazee wa mahakama likamtia hatiani kwa makosa madogo mwaka 2008, na jaji akamwachia mwaka uliofuata. Kifo cha mtoto kilijadiliwa kama mgogoro wa masharti ya tovuti.

India hutenganisha: anayemchochea mtu mzima ajiue hufungwa hadi miaka 10, ilhali anayemchochea mtoto anaweza hata kunyongwa. Uingereza, tangu marekebisho ya 2009, haingoji mtu afe. Kitendo kinachoweza kushawishi, kikiambatana na nia, kinatosha. Tuchukue umri kutoka India, tukiacha kitanzi chake, na kipimo cha kitendo kutoka Uingereza.

Kuna hoja ya uhuru wa kusema. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Minnesota, Marekani, iliondoa maneno "kushauri" na "kuhimiza" katika sheria ya jimbo hilo kuhusu kujiua kwa sababu hiyo, ikabakiza "kusaidia". Lakini waliojiua katika shauri lililozaa uamuzi huo walikuwa watu wazima. Hofu yangu kubwa ni nyingine: mzazi aliyefoka "kafie mbele!" asiburuzwe mahakamani. Ndiyo maana nia lazima ithibitishwe, tena mshtakiwa awe alijua anazungumza na mtoto.

Linabaki suala la mtoto mwenyewe. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha kosa la kujaribu kujiua. Tanzania bado inalo, katika kifungu cha 217. Kwa hiyo huko mtoto aliyenusurika, ambaye ndiye shahidi bora dhidi ya aliyemshawishi, anaingia kituo cha polisi akiwa nusu mtuhumiwa, na mshawishi wake analijua hilo.