Mbuzi wa Desemba, Ada ya Januari

Kila Desemba ikikaribia nusu, utani mmoja hurudi katika vijiwe vya Dar es Salaam: Wachaga wanakwenda kuhesabiwa, yaani wanarudi kwao Kilimanjaro kula Krismasi. Mabasi ya Moshi hujaa, nauli huzua malalamiko, magari ya watu binafsi hupanga foleni kuanzia Kibaha, na Jiji hupumua kwa wiki mbili. Januari inapoingia, utani hugeuka lawama. Ada haijalipwa, kodi ya nyumba imefika, na wenye busara husema fedha zimeishia kwenye ndafu, mbuzi wa kuchomwa mzima, na mbege, pombe ya ndizi. Lawama hiyo huichukulia sikukuu ya mlimani kuwa ugonjwa wa matumizi, na dawa yake ni mawaidha: jibane, andika bajeti, acha kujionyesha. Historia ya Kilimanjaro inatoa hukumu nyingine. Sherehe hii ilikulia ndani ya utaratibu mkali wa kutunza na kugawana, kiasi kwamba mtu wa kawaida hakuhitaji mawaidha ili asifilisike. Kadiri miaka ilivyokwenda, sherehe ilibaki na utaratibu ulioibeba ukapukutika, kipande baada ya kipande.

Tuanze kabla ya fedha. Mlimani hakukuwa na malisho ya kuachia mifugo itangetange, kwa kuwa migomba ilijaa kila pembe. Ng'ombe na mbuzi walifungwa ndani, mara nyingi chini ya paa moja na watu, wakaletewa majani yaliyobebwa kichwani kutoka tambarare, wakaongezewa majani na vigogo vya migomba. Samadi yao ilirudi shambani kuikuza migomba hiyo hiyo. Mbuzi wa kunenepeshwa alikuwa akiba yenye miguu: kila siku ya mwaka aliwekewa kidogo, majani ya leo na maganda ya jana, na siku ya kuchinjwa ilikuwa siku ya kuitoa akiba yote kwa mkupuo. Naye hakuliwa na kaya moja. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kukaa huko miongo kadhaa, alichapisha mwaka 1926 kitabu kizito juu ya sheria za Wachaga. Miaka 60 baadaye, mwaka 1986, mwanaanthropolojia Sally Falk Moore akatoa chake kuhusu sheria za mila za mlima huo kuanzia 1880 hadi 1980. Katika kazi hizo machinjo yanaonekana kuwa jambo la ukoo lenye kanuni zake: nyama ina mafungu, na mafungu yana wenyewe, kwa umri na kwa nasaba. Kidari si cha kila mtu. Kanuni hizo huweza kusomwa kama adabu ya wakubwa, na ni kweli. Ila zilikuwa pia hesabu. Mnyama wa mwenzako leo ni deni lako kesho, kwa hiyo nyumba moja haikulazimika kuchinja kila ilipotaka kula nyama.

Ukristo ulipoingia, wamisionari Wakatoliki wakianzia Kilema mwaka 1890 na Walutheri wa Leipzig wakifuata mwaka 1893, ulikuta mazoea hayo yamekwisha kukomaa. Pamoja na Ukristo ikaja kahawa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Charles Dundas, ofisa wa Kiingereza aliyetawala wilaya ya Moshi, aliwahimiza wenyeji kuipanda katikati ya migomba yao. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao chini ya Joseph Merinyo, na mwaka 1933 kikafuatiwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika. Hapa ndipo Krismasi ilipopata mguu wa kiuchumi. Kahawa ya Kilimanjaro huchumwa kuanzia katikati ya mwaka hadi mwisho wake, hivyo sikukuu iliangukia pale mavuno yanapofikia ukingoni na kaya ina fedha mkononi. Zaidi ya hapo, ushirika haukumlipa mkulima kila kitu kwa pamoja. Alipokea malipo ya awali alipopeleka kahawa yake, na salio lilikuja baada ya mauzo. Hata aliyekuwa na mkono mwepesi hakuweza kuila Desemba fedha ambayo haijatoka. Chama kilimwekea akiba bila kumuuliza.

Tazama basi sikukuu ya mkulima wa zama hizo ilikuwa na nini ndani yake. Ndizi za mtori, supu nzito ya ndizi, zilitoka kihambani, shamba la ukoo linaloizunguka nyumba. Mbege ilipikwa nyumbani kwa ndizi mbivu na ulezi. Mbuzi alikuwa bandani tangu mwanzo wa mwaka, na hata damu yake haikumwagwa, iliingia kwenye kisusio, supu ya damu. Sahani zilikuwa majani ya mgomba. Kilichodai shilingi ni nguo za watoto, sukari, mchele, na sadaka ya kanisani. Karamu ilikuwa kubwa kwa macho na ndogo kwa mfuko, kwa sababu gharama yake ilikwisha kulipwa kwa jasho la miezi 11 iliyotangulia.

Kilichobadilisha hesabu hiyo kwanza ni ardhi. Kwa mila, kitinda mimba hurithi kihamba cha baba na nyumba yake, mkubwa naye huangaliwa mapema, na wa katikati hutafuta pao. Watu walipoongezeka na mlima usiongezeke, wa katikati walishuka: Moshi mjini, Arusha, Tanga, Dar es Salaam, kwenye ofisi, maduka na gereji. Kwao Desemba ikapata maana mpya. Kurudi na kuonekana, kukaa kwenye kikao cha ukoo, kuchangia mnyama na kupokea fungu, vyote vilithibitisha kwamba jina lao bado limo. Utani wa kuhesabiwa umegusa ukweli kuliko unavyojua. Yosefu naye alikwenda Bethlehemu kwa sababu hiyo hiyo. Kisha kahawa ikayumba. Vyama vya ushirika vilivunjwa na serikali mwaka 1976 na kurejeshwa miaka ya 1980. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa mgao wa mauzo ya kahawa ukaanguka, bei zikaanguka nao, na wengi wakaacha mibuni ijiotee. Kipato kikahamia kwenye mshahara na biashara, vitu visivyojua msimu wa mavuno. Leo mbuzi hununuliwa mnadani wiki ambayo kila mtu anamtafuta, mafuta ya gari ni fedha taslimu, na bia ya chupa imeketi palipokuwa na mbege. Mila ni ile ile. Kila kitu ndani yake sasa kina bei, na bei yote hudaiwa ndani ya siku kumi.

Atatokea wa kusema kwamba haya ni kuwatetea wafujaji, kwani watu hupeleka magari mapya mlimani ili majirani wayaone. Wapo, na hakuna sababu ya kuwaficha. Lakini majivuno hayakuzaliwa jana. Mafungu ya nyama yalikuwa jukwaa la heshima kabla ya gari la kwanza kupanda mlima, na bado hayakumfilisi mtu kwa kishindo, maana mwenye kutaka sifa alitakiwa kwanza awe amefuga. Pingamizi zito zaidi ni la upande wa pili: utaratibu wa zamani haukuwa mwema kwa wote. Majani ya mifugo yalibebwa na wanawake, nao ndio waliomenya na kupika, ilhali kanuni za nyama zilisimamiwa na wanaume. Mjane asiye na mtetezi katika ukoo aliweza kubaki pembezoni mwa moshi wa karamu. Kwa hiyo haifai kuutamani utaratibu ule urudi ulivyokuwa. Linalofaa ni kujua ulifanya kazi gani, ili kazi hiyo ipewe chombo kingine.

Wengine hujibu kwamba mzigo wa Januari umekwisha kupungua: ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa mwaka 2001, na ya sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016. Hata hivyo sare, madaftari na nauli havikufutwa, wala ada za shule binafsi, ambazo kaya nyingi za mjini zimezichagua kwa hiari. Mzigo basi ungali upo, lakini chombo kingine nilichokitaja kimekwisha kuanza kujengwa, na wajenzi wake wakuu ni wanawake. Katika vikoba, vikundi vya kuweka akiba na kukopa, wanachama hununua hisa kila wiki, hukopeshana, na mwisho wa mzunguko huvunja kikundi na kugawana. Vingi huvunjwa Desemba. Hilo ni banda la mbuzi katika umbo la daftari: kidogo kidogo kwa mwaka mzima, kisha mkupuo. Kasoro yake ni kwamba daftari hutoa vyote siku moja, wakati ushirika wa kahawa ulikuwa ukibakiza salio. Kikundi kinachogawa nusu kabla ya Krismasi na nusu shule zinapofunguliwa kitakuwa kimerejesha kile ambacho KNCU ilikifanya bila kukihubiri. Na ukoo unaokubaliana mapema kuchangia mnyama mmoja, akanunuliwa Februari bei ikiwa chini na kuachwa kwa anayebaki kihambani amlishe kwa malipo, utakula nyama ile ile, kwa mafungu yale yale, na aliyelisha atakuwa amepata chake.