Somo la 14: Mtoto Mdogo Safarini, Tangu Mbeleko Hadi Kiti cha Motokaa

*Somo hili limesomwa redioni kwa madarasa ya watu wazima ya Shinyanga, Kahama na Geita. Mwalimu wa darasa alisome tena polepole, kisha aongoze mazungumzo kwa maswali yaliyo mwishoni.*

Natumaini kila mmoja amekwisha keti, mwenye daftari analo mkononi, na mwenye mtoto mgongoni anatafuta mahali pa kumlaza. La, mama, usimteremshe kwanza. Leo mtoto huyo ndiye somo letu.

Tukisema historia, watu wengi hufikiri habari za watemi, vita na serikali. Lakini mambo ya nyumbani nayo yana historia yake. Leo tutatazama jambo moja ambalo kila mzazi amelifanya: kumchukua mtoto mdogo kutoka mahali hadi mahali. Tutaona jinsi wazee wetu walivyofanya, jinsi magurudumu yalivyobadili mambo, na kwa nini wataalamu wa leo husema kwamba mtoto mdogo katika motokaa akae akiipa njia mgongo, tena kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani.

Mgongo wa mama

Hapo kale safari za Usukuma na Unyamwezi zilikuwa za miguu. Katika karne ya 19 misafara ya wapagazi ilitoka huku bara hadi pwani, ikipita Tabora, na wanawake nao walikuwamo, wengine wakiwa na watoto wao. Mtu mwenye mzigo huenda kilomita 4 au 5 kwa saa. Mtoto alifungwa mgongoni kwa mbeleko, ya ngozi kwanza, baadaye ya nguo.

Sasa tuitazame mbeleko kama fundi atazamavyo kazi ya fundi mwenzake. Kifua cha mtoto kimelala juu ya mgongo wa mama. Shavu lake limeegemea hapo hapo. Mama akijikwaa au akisimama ghafula, mtoto hasukumwi kwenye nafasi tupu. Husukumwa kwenye mgongo mpana, na mgongo huo humpokea mwili mzima kwa pamoja: kifua, tumbo na kichwa. Kwa maneno mengine, mgongo wa mama umesimama kati ya mtoto na njia.

Yashikeni maneno hayo, ndugu zangu, maana tutayarudia: pawe na kitu kipana kati ya mtoto na njia.

Magurudumu yanafika

Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza, ikipita Shinyanga. Dhahabu ya Geita ilikwisha onekana tangu mwaka 1898, wakati wa Wadachi, na katika miaka ya 1930 mgodi ukafunguliwa, ukafanya kazi hadi mwaka 1966. Mwaka 1940 John Williamson alipata almasi huko Mwadui. Pamba nayo ilizidi kulimwa, na mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima viliungana kuwa shirikisho moja la kanda ya ziwa. Pamba haitembei kwa miguu. Malori yakaongezeka, na juu ya marobota walipanda watu, na katika watu hao walikuwamo akina mama na watoto wao.

Hapo ndipo mbeleko ilipoingia mahali isipotengenezewa. Mama aliyeketi katika gari hawezi kumwegemeza mtoto mgongoni, maana mgongo umeegemea kiti. Basi humleta mbele na kumpakata. Jambo hili lilionekana dogo, lakini lilibadili kila kitu. Mgongo wa mama, uliokuwa kati ya mtoto na njia, sasa uko nyuma ya mtoto. Mbele yake pana nafasi tupu, kisha chuma na kioo.

Siku hizi mwendo umezidi. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na Geita ikawa mkoa mwaka 2012. Barabara za lami zimefika. Mwezi wa Juni 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa, na gari liendalo Geita kutoka Mwanza halingoji tena kivuko hapo. Haya ni maendeleo, nasi twayafurahia. Lakini mwili wa mtoto haukubadilika pamoja na barabara.

Kichwa kizito, shingo laini

Mtazameni mtoto mchanga. Kichwa chake ni kama robo ya urefu wake wote. Mtu mzima, kichwa ni kama sehemu moja tu katika saba au nane. Mtoto basi ana kichwa kikubwa juu ya shingo ndogo. Tena pingili za shingo yake hazijawa mfupa mzima. Ni vipande vilivyounganishwa kwa gegedu, kitu laini kama kile cha sikio, navyo huungana polepole, wengi wakiwa kati ya miaka 3 na 6.

Sasa tufanye hesabu. Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa mjini. Likigonga kitu kisichosogea, nguvu yake ni sawa na kuanguka kutoka juu mita 10 hivi, kama kutoka kilele cha mwembe mkubwa. Mama amempakata mtoto wa kilo 10. Tuseme gari limebonyea mbele na kusimama katika nafasi ya nusu mita. Kwa kitambo kile, kidogo kuliko kupepesa jicho, mtoto huvuta mikono ya mama kama mzigo wa kilo 200, yaani magunia mawili ya kilo 100.

Ni mama gani anayeweza kulizuia gunia moja linalorushwa mbele, seuze mawili? Hapa si habari ya mapenzi. Mama anampenda mwanawe kwa moyo wote, lakini mikono ina mpaka wake. Na mama akiufunga mkanda mmoja yeye na mtoto pamoja, huzidisha hatari, kwa kuwa uzito wa mwili wake humbana mtoto kwenye mkanda.

Jinsi wataalamu walivyogeuza kiti

Katika nchi za magari mengi viti vya watoto vilikuwako tangu miaka ya 1930. Lakini vingi vilikuwa vya kumwinua mtoto tu, apate kuona nje na asisumbue dereva. Havikutengenezwa kwa ajili ya kumwokoa.

Mafunzo yalitoka kwanza kwa watu wa anga. Huko Marekani, daktari wa jeshi, John Paul Stapp, alijifunga mwenyewe juu ya kigari cha reli kilichosukumwa kwa roketi, apate kujua mwili unavumilia kiasi gani unaposimamishwa ghafula. Tarehe 10 Desemba 1954 alikwenda zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa akitazama mbele, akasimamishwa kwa muda wa kama sekunde moja na nusu. Alipona, lakini macho yake yalivia damu. Stapp aliwahi kujaribu pia akiwa amegeuka nyuma, akasema wazi kwamba abiria anayeipa njia mgongo huvumilia zaidi. Jeshi la Anga la Uingereza nalo lilitengeneza ndege zake za uchukuzi zenye viti vilivyogeuka nyuma.

Ndipo alipotokea daktari wa Uswidi, nchi ya kaskazini ya Ulaya, jina lake Bertil Aldman. Aliwaona wanaanga wa Marekani wa mpango wa Gemini, jinsi walivyolazwa chali katika viti vilivyofuata umbo la mwili, ili nguvu ya roketi ienee mgongo mzima. Akafikiri: ikiwa mtu mzima mwenye nguvu analindwa hivi, kwa nini mtoto asilindwe hivyo hivyo? Mwaka 1964 kiti chake cha kwanza cha mtoto, kilichogeuka nyuma, kilijaribiwa katika motokaa. Mwaka 1972 kampuni ya Volvo ikaanza kuuza kiti cha namna hiyo.

Kazi yake ni hivi. Mtoto anayetazama mbele, gari likigonga, mikanda hushika mabega yake, lakini kichwa hakishikwi na kitu. Hurushwa mbele, na shingo ile laini huvutwa. Mtoto aliyegeuzwa nyuma, kichwa, shingo na mgongo husukumwa pamoja katika kiti chenye umbo la ganda. Ganda hilo limesimama kati ya mtoto na njia. Mnaona, ndugu zangu? Ni kazi ile ile ya mgongo wa mama, ila sasa imefanywa kwa ajili ya mwendo wa motokaa.

Waswidi wamezoea kuwaweka watoto hivyo hadi umri wa miaka 4. Nchi nyingine zilichelewa. Wazazi wengi waligeuza kiti mara mtoto alipotimiza mwaka mmoja, wakaona ni hatua ya kukua, kama kutembea. Mwaka 2011 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kikashauri kungoja hadi miaka 2. Mwaka 2018 kikasema tusishike umri, ila mtoto abaki amegeuka nyuma mpaka afikie mwisho wa uzito au urefu ulioandikwa kwenye kiti chake.

Wazazi huuliza: je, miguu yake haitabanwa? Mtoto mdogo hukunja miguu bila taabu, kama mnavyomwona akikaa mkekani. Na hata ikitokea ajali, mguu uliovunjika aghalabu huunga. Shingo si hivyo.

Gari hufika, kiti hubaki

Motokaa nyingi tunazoziona Kahama, Geita na Shinyanga zilitumika kwanza Japani. Huko sheria ya viti vya watoto wa chini ya miaka 6 ilianza Aprili 2000. Nyingine hupitia Falme za Kiarabu, ambako tangu mwaka 2017 mtoto hadi miaka 4 hutakiwa awe katika kiti chake. Basi gari lile lile lililombeba mtoto wa Kijapani katika kiti hushuka bandarini Dar es Salaam likiwa na redio, mikanda na mazulia. Kiti cha mtoto kimebaki kule. Kwetu, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilipotungwa haikukitaja. Lakini sheria inyamaze au iseme, shingo ya mtoto ni ile ile.

Tena kuna jambo la kufikiri katika nchi yetu ya migodi. Baba afanyaye kazi katika mgodi mkubwa hufunga mkanda kila apandapo gari la kazini, maana asipofunga ataulizwa. Jumapili, katika gari lake mwenyewe, mwanawe amesimama kati ya viti viwili. Je, aliyejifunza usalama kazini asiulete nyumbani?

Tufanye nini?

Kwanza, mwenye motokaa. Unapohesabu bei ya gari, hesabu na kiti cha mtoto. Kifungwe kiti cha nyuma cha gari, na mtoto aipe njia mgongo hadi miaka 2 kwa uchache, na zaidi ya hapo ikiwa kiti kinaruhusu. Usikiweke kamwe kiti cha namna hiyo mbele, penye mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali, kwa maana mfuko huo hupiga mgongo wa kiti na unaweza kumwua mtoto. Mikanda ianzie usawa wa mabega au chini kidogo, nayo ikazwe hata vidole visiweze kuikunja. Kiti kilichowahi kupata ajali kisitumike tena.

Na hapa elimu yenu ina kazi. Kila kiti kizuri kina kibandiko chenye tarakimu za kilo na sentimita. Mlizojifunza kuandika katika daftari ndizo hizo hizo. Mpime mtoto, soma kibandiko, ujue mwenyewe kama wakati wa kumgeuza umefika. Usimgeuze kwa sababu jirani amemgeuza wake.

Pili, sisi tulio wengi, tusio na motokaa. Nisingekuwa mkweli nikisema kwamba kuna dawa nyepesi. Katika mchomoko uliojaa watu, au juu ya pikipiki, hakuna kitakachofanya kazi ya kiti. Lakini tunaweza kupunguza hatari. Usikae kiti cha mbele umempakata mtoto. Kaa nyuma, ufunge mkanda wako peke yako. Mtoto asiwekwe mbele ya mwendesha pikipiki, juu ya tangi. Kataa gari lililokwisha jaa. Na zaidi ya yote, mwambieni dereva apunguze mwendo. Gari la kilomita 60 kwa saa hugonga kwa nguvu mara nne ya lile la kilomita 30, wala si mara mbili. Abiria mmoja akisema, dereva hucheka. Wakisema sita, hupunguza.

Wenye umri mkubwa wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi kama hivi, wakasikiliza redio, wakashauriana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Darasa lenu nalo lishauriane leo, kabla hamjatawanyika, juu ya jambo moja mtakalolifanya safari ijayo.

Maswali ya mazungumzo

1. Mbeleko humlindaje mtoto wakati mama anatembea? Kwa nini kupakata katika gari si sawa na mbeleko?
2. Shingo ya mtoto inatofautianaje na ya mtu mzima?
3. Aldman alijifunza nini kwa wanaanga?
4. Mtoto wa miaka 2 na nusu bado hajafikia mwisho wa uzito wala urefu wa kiti chake. Baba anataka kumgeuza atazame mbele. Mtamwambia nini?
5. Katika kijiji au mtaa wenu, watoto wadogo husafirije siku ya mnada au kliniki? Ni jambo gani mnaweza kulibadili kuanzia juma hili?

Kwaherini, ndugu wanafunzi. Na wewe mama uliyetusikiliza na mtoto mgongoni, njiani umrudishe salama.