Maji yanadondoka ndani ya gari? Kagua mirija ya paa kabla ya kupaka silikoni

Masika yakianza mkoani Tanga, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa na wenye magari yenye dirisha la juu, lile ambalo mafundi wetu huliita sanrufu. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi mtu anakuta kiti kimelowa, zulia limejaa maji na gari linanuka ukungu. Analipeleka gereji Ngamiani, kioo cha juu kinapakwa silikoni pande zote, analipa na kurudi Muheza au Pangani. Mvua ya pili, maji ni yale yale.

Hapa tunaeleza kwa nini hali hii hutokea, namna ya kuujua ugonjwa wenyewe, kazi unayoweza kuifanya mwenyewe na kazi ya kumwachia fundi.

Sanrufu imetengenezwa iingize maji

Wengi hudhani kwamba mpira unaozunguka kioo cha sanrufu ndio unaozuia maji yote. Sivyo. Mpira ule hupunguza maji na kuzuia upepo na kelele, lakini kiasi fulani cha maji hupita pembeni yake hata gari likiwa jipya. Watengenezaji wanalijua hilo, na ndiyo maana chini ya kioo wameweka fremu yenye mfereji unaokinga maji, kama ule wa bati tunaoufunga chini ya paa la nyumba ili maji yaende kwenye pipa.

Kwenye pembe za mfereji huo kuna matundu, kwa kawaida manne: mawili mbele na mawili nyuma. Kila tundu limeunganishwa na mrija mwembamba wa mpira au plastiki. Mirija ya mbele hushuka ndani ya nguzo za kioo cha mbele na kutokea karibu na bawaba za mlango au nyuma ya madigadi. Ya nyuma hushuka kwenye nguzo za nyuma na kutokea karibu na bampa au nyuma ya tairi.

Mrija ukiziba, mfereji unajaa, na maji yakifika ukingoni humwagikia kwenye kitambaa cha dari. Hiki ndicho chanzo cha uvujaji mwingi wa sanrufu. Kinachoziba ni vumbi la barabara, majani ya mwarobaini, maua ya mwembe na matope ya manyigu. Gari linalolala chini ya mti huziba mapema zaidi.

Ndiyo maana silikoni haisaidii. Haizibui mrija, na mara nyingi hukigandisha kioo kisifunguke au hudondokea kwenye mfereji na kuziba tundu lililokuwa zima.

Hakikisha kwanza kwamba maji yanatoka juu

Zulia lililolowa halimaanishi moja kwa moja kwamba sanrufu ndiyo inayovuja. Angalia mambo haya:

Kwanza, je, zulia hulowa hata siku za jua, hasa upande wa abiria wa mbele, baada ya kutumia kiyoyozi? Hapo huenda bomba la kutolea maji ya kiyoyozi ndilo limeziba. Katika joto na unyevu wa pwani, kiyoyozi kinachofanya kazi vizuri hudondosha maji chini ya gari. Ukikiwasha muda mrefu na chini hapadondoki kitu, anza kukagua hapo.

Pili, je, maji yana rangi, yananata au yana harufu tamu? Hayo ni maji ya rejeta yanayovuja ndani. Usiendelee kuendesha, injini inaweza kuchemka.

Tatu, angalia chini ya waipa. Majani yakijaa pale, maji ya kioo cha mbele hukosa njia na kuingia ndani kupitia matundu ya hewa.

Nne, tazama dari. Madoa yenye rangi ya chai karibu na sanrufu, karibu na taa ya ndani au juu ya nguzo ni dalili kubwa kwamba maji yanatoka juu.

Kama bado una shaka, tumia mpira wa kumwagilia. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie maji nje akianzia chini: milango, kisha kioo cha mbele, mwisho paa. Kila sehemu ipewe dakika chache. Ukianzia juu, maji yatateremka kote na hutajua yameingilia wapi.

Mwinuko wa barabara nao hukuonyesha upande wenye tatizo. Maji yaliyosimama kwenye mfereji hufuata mwinamo wa gari. Ukiteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo na maji yakakumwagikia mapajani, au yakikumwagikia kila unapokanyaga breki, shuku mirija ya mbele. Yakimwagikia abiria wa nyuma wakati wa kupanda, shuku ya nyuma.

Kipimo cha nusu kikombe

Egesha gari mahali tambarare na ufungue sanrufu. Futa vumbi na majani kwenye mfereji kwa kitambaa kibichi. Usiyasukumie kwenye matundu. Tafuta tundu la kila pembe ya mbele, kisha mimina taratibu nusu kikombe cha maji safi karibu nalo. Usimwagie mota wala nyaya.

Maji yakitoka chini ya gari haraka, mrija huo ni mzima. Yakisimama au yakipungua polepole, umeziba. Yakiondoka juu lakini yakatokea ndani ya gari, mrija umechomoka au umepasuka. Rudia upande wa pili. Matundu ya nyuma katika magari mengi yamejificha, hivyo inua pua ya gari, kwa mfano kwa kuliegesha kwenye mwinuko, ili maji unayomimina yaelekee huko.

Namna ya kuzibua

Chombo kizuri na cha bei ndogo kinapatikana kwa wauza zana za uvuvi: mshipi mnene wa nailoni, wa unene wa milimita 2 hivi. Zungushia ncha yake moto kidogo iwe butu, kisha iingize taratibu kupitia tundu la juu, ukiizungusha na kuirudisha nyuma kila inapogoma. Usilazimishe. Usitumie waya mgumu, kwani hutoboa mrija mahali usipopaona.

Ukipita, mimina maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo kwa bomba la sindano, kisha maji safi. Kagua na mwisho wa mrija chini: baadhi ya magari yana kizibo cha mpira chenye mwanya mdogo, na matope hukamata hapo. Kisafishe kwa vidole.

Tahadhari kuhusu upepo wa kompresa: ni njia inayopendwa gereji kwa sababu ni ya haraka, lakini presha kubwa inaweza kuuchomoa mrija kwenye kiungo chake ndani ya dari. Hapo tatizo la kuziba, ambalo lingeisha kwa dakika chache, linageuka kazi ya kushusha dari nzima.

Mpira wa kioo nao usafishe kwa maji na sabuni, ukaushe, kisha upake grisi ya silikoni, ambayo ni tofauti na silikoni ya kugandisha. Grisi ya kawaida ya magari huvimbisha na kuharibu mipira ya aina nyingi.

Lini umwite fundi

Mrija uliochomoka, fremu iliyopasuka, au kioo kilichokaa chini au juu kuliko paa ni kazi ya fundi. Magari yenye kioo kirefu kinachofunika sehemu kubwa ya paa yanaweza pia kuvuja pale kioo kisichofunguka kilipobandikwa, na hapo gundi ya zamani huondolewa kabla ya kubandika upya.

Mwambie fundi achomoe betri na asubiri dakika kadhaa kabla ya kufungua plastiki za nguzo. Magari mengi yana mifuko ya hewa ya usalama pembeni mwa dari, na ikifyatuka inaweza kumjeruhi. Kabla ya kulipa, omba kipimo cha nusu kikombe kifanyike mbele ya macho yako.

Kausha, usifunike

Chini ya zulia kuna sponji nene inayohifadhi maji kwa wiki nyingi. Zulia la juu linaweza kuonekana kavu huku chini kukiwa bwawa. Katika magari mengi, nyaya na hata kompyuta ndogo za gari hupita chini ya zulia au chini ya viti. Zikilowa, taa za dashibodi huanza kuwaka ovyo, loki za milango husumbua, na siku moja gari linagoma kuwaka njiani. Bodi nayo hushika kutu kutoka ndani.

Kwa hiyo inua zulia, kamua sponji, anika juani na uache milango wazi mchana. Usivute viunganishi vya rangi ya njano chini ya viti. Ni vya mifuko ya hewa.

Kama mvua inakaribia na bado hujazibua, egesha gari ili maji yaelekee upande wenye mirija mizima. Mirija ya mbele ikiwa imeziba, inua pua. Ya nyuma ikiwa imeziba, iinamishe. Turubai juu ya paa pia litasaidia kwa usiku mmoja.

Kwa anayenunua gari lililotumika

Kabla ya kutoa pesa, gusa zulia la mbele kwa kiganja, nusa ndani madirisha yakiwa yamefungwa, inua mfuniko wa buti uone kama kuna maji au kutu chini ya tairi la akiba, na tazama dari. Kisha mimina nusu kikombe chako. Muuzaji akikataa kipimo cha maji safi, umeshapata jibu.

Baada ya hapo, fanya kipimo hiki mara mbili kwa mwaka: Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli. Anayeegesha chini ya mwarobaini au mwembe afute mfereji kila mwezi.