Mshairi wa Newala Asiye na Jina

Tukiulizwa kuhusu mshairi mwanamke wa zamani, sote hapa chuoni tunakimbilia Pate. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi mnamo 1858. Tunausoma, tunaujibia mitihani, na kila mwaka tunabishana kama unamkandamiza mwanamke au unamkomboa. Sawa. Lakini kazi ile ni nini hasa? Ni mama anamfunda binti. Hebu niwaulize wenzangu: kazi hiyohiyo ikifanywa Masasi au Newala, kwa Kiyao, Kimakua au Kimakonde, mbona ghafla inaacha kuwa ushairi na kuwa "nyimbo za unyago", mali ya jamii nzima, eti haina mtunzi?

Nadai katika makala haya kwamba mtunzi alikuwapo. Kilichopotea ni jina lake, na halikujipoteza lenyewe.

Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa bado vinanuka moshi (misheni ya Masasi iliteketezwa 1905), Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig aliteremka Lindi na fonografu yake na mashine ya kupigia picha za sinema. Akapanda hadi Masasi, akakaa Chingulungulu kwa Matola, kisha akaingia Newala. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908, kwa Kiingereza 1909. Ukikisoma utawajua wanaume wa huko kwa majina. Matola yumo. Sulila, yule mwimbaji kipofu, yumo, tena na picha yake. Wanawake nao wamo kwa wingi: wanacheza, wanaimba, wanawafunda wali. Lakini wale wanaoshika usukani wa shughuli anawataja kwa cheo, anamungwi, yaani walimu wa unyago. Kundi la watu. Mwanamume mmoja ni msanii. Wanawake hamsini ni desturi!

Na huyo aliyekitafsiri kitabu kwa Kiingereza ni nani? Alice Werner, ambaye mwaka 1934, pamoja na William Hichens, alitoa utendi wa Mwana Kupona ukiwa na jina la mtunzi na maelezo ya ukoo wake. Simlaumu, alitafsiri alichokikuta. Ila tofauti ya Pate na Newala naona ni karatasi tu, siyo kipaji.

Sasa kuhusu historia. Wahakiki hukubali upesi kwamba kungwi anafundisha ndoa na adabu, wakaishia hapo. Wanasahau kwamba Wamakonde, Wayao na Wamakua huhesabu ukoo kwa mama. Na nchi yenyewe ilikuwa imevurugika. Askofu Steere alileta Masasi watumwa walioachwa huru mwaka 1876, Wangoni wakavamia 1882 na kuteka watu, halafu vita vya 1905. Katika msukosuko wa namna hiyo, kujua mtu ni wa tumbo gani ndiko kujua historia yake, na maarifa hayo yalikuwa kwa bibi. Padri Yohana Abdallah aliiandika historia ya Wayao ikachapwa 1919, na tunamheshimu kwa hilo. Mabibi nao walikuwa na yao, isiyochapwa.

Tazameni masimulizi ya asili ya Wamakonde aliyoyanukuu Weule. Mwanamume mmoja, asiyeoga wala kunyoa, alitoka msituni Mahuta akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha. Usiku ikawa mwanamke. Wakashuka Ruvuma, mwanamke akajifungua mtoto mfu. Wakaenda bonde la Mbwemkuru, mtoto mfu tena. Wakarudi juu Mahuta, wa tatu akaishi. Hapo baba akatoa amri: wafu wazikwe wima, kwa kumbukumbu ya mama yule aliyezinduka akiwa amesimama, na watu wasijenge mabondeni wala karibu na mito mikubwa, nyumba ziwe mbali na maji, mwendo wa saa moja walau.

Jamani, someni tena. Mama anachongwa, anazaa, anazika watoto wawili, wala hasemi neno. Anayeamuru ni baba. Na saa moja hiyo ya kwenda majini nani aliitembea? Uwanda wa Makonde ni wa mchanga, mvua inazama, maji yako chini mabondeni, na mtungi ulikaa kichwani pa mwanamke kwa vizazi vingi. Kwangu mimi haya ni masimulizi yaliyokatwa nusu. Upande wa mama lazima uliimbwa mahali ambapo mwanamume haruhusiwi, na huko Weule alikuwa mgeni wa kuchungulia.

Kuna watakaosema siri ya unyago ndiyo iliyoficha majina. Sikubaliani nao. Mwali aliyefundwa alimjua vizuri kungwi wake. Siri ilimzuia mtu wa nje, ilikuwa kama hakimiliki. Sisi wa nje ndio tulioandika "mtunzi hajulikani" kana kwamba tuliuliza.

Kwa hiyo katika kazi zangu za semina nimeacha kuandika "chanzo: jamii ya Wamakonde". Naandika "mtunzi: kungwi, Newala, 1906". Mhadhiri anayetaka kunikata maksi na akate.