Mama wa Lyme na Daftari Lake

Wapo wanaodhani historia ya maradhi huandikwa na madaktari peke yao. Mimi nakataa. Hebu tuutazame mji mdogo wa Lyme, jimbo la Connecticut, Marekani. Polly Murray, mama wa watoto wanne, aliugua miaka na miaka: homa, vipele, viungo kuvimba. Kisha mumewe na watoto nao wakaanza. Madaktari wengine wakamwambia ati ni mawazo tu! Yeye akawa anaandika kila dalili.

Mwaka 1975 akaipigia simu idara ya afya ya jimbo. Dakta Allen Steere wa Chuo Kikuu cha Yale akachunguza, akakuta wagonjwa 51. Mwaka 1981 Willy Burgdorfer akamkamata mchawi mwenyewe: bakteria ndani ya kupe.

Siku hizi daktari hutafuta wekundu unaotanuka kwenye ngozi, maana mwanzoni kipimo cha damu huweza kisionyeshe kitu. Wakiwahi dawa, kama vile doksisaikilini, wengi hupona. Basi, vijana wenzangu wa kalamu, mgonjwa asiposadikiwa, na aandike. Maandishi hayapuuzwi kirahisi.