Liberdade: mashua iliyozaliwa bandarini

Mwishoni mwa mwaka 1887 familia moja ya mabaharia kutoka Marekani ilipoteza merikebu yake katika ghuba ya Paranaguá, kusini mwa Brazil. Miezi sita baadaye baba, mama na watoto wawili waliondoka hapo kwa mashua waliyoiunda kwa mikono yao wenyewe. Historia imemkumbuka zaidi baba, lakini kisa cha bandari hiyo ni cha watu wanne.

Kwa msafiri wa baharini, bandari ni mahali pa kupumua: maji matamu, mboga mbichi, barua kutoka nyumbani. Hata hivyo, kwa familia ambayo haina nyumba nyingine isipokuwa chombo chake, bandari ni zaidi ya hapo. Ndipo watoto wanapozaliwa, ndipo wagonjwa wanapouguzwa, na mara nyingine ndipo makaburi yanapoachwa.

Hivyo ndivyo yalivyokuwa maisha ya nahodha Joshua Slocum. Alizaliwa Nova Scotia, Canada, mwaka 1844, na akiwa kijana alikwenda baharini. Mwaka 1871, mjini Sydney, Australia, alimwoa Virginia Walker, na tangu siku za harusi yao Virginia aliishi melini pamoja na mumewe. Katika zama za matanga hilo halikuwa jambo geni. Manahodha wengi walisafiri na wake zao. Mtoto wao wa kwanza, Victor, alizaliwa chomboni katika bandari ya San Francisco mwaka 1872. Garfield, kitinda mimba, alizaliwa katika bandari ya Hong Kong mwaka 1881. Mama yao ndiye aliyekuwa mwalimu wao, na sitaha ndiyo iliyokuwa uwanja wao wa michezo.

Kaburi la Buenos Aires

Mwaka 1884 Slocum alinunua Aquidneck, merikebu ya milingoti mitatu, akawa nahodha na mwenye chombo kwa wakati mmoja. Furaha hiyo haikudumu. Mwezi Julai mwaka huohuo, merikebu ikiwa imetia nanga Buenos Aires, Virginia alizidiwa na maradhi. Mumewe alikuwa amekwenda nchi kavu kutafuta shehena. Watoto wao walisimulia baadaye kwamba bendera ya ishara ilipandishwa mlingotini ili kumwita arudi upesi. Alirudi, lakini jioni ya tarehe 25 Virginia alifariki dunia kabla ya kutimiza miaka 35. Alizikwa mjini humo, na merikebu ikang'oa nanga ikiwa na watoto wasio na mama.

Mwaka 1886 Slocum alimwoa Henrietta Elliott, aliyejulikana kwa jina la Hettie, msichana wa miaka 24 aliyekuwa fundi cherehani. Siku chache baada ya harusi, bibi harusi huyo alipanda Aquidneck kutoka New York kuelekea Montevideo, akiwa pamoja na Victor na Garfield. Watoto wengine wawili walibaki nchi kavu kwa jamaa.

Mikosi mfululizo

Safari hiyo iliandamwa na mikosi. Aquidneck ilipakia majani makavu ya mifugo Rosario, nchini Argentina, kwa ajili ya soko la Rio de Janeiro. Wakati huo kipindupindu kilikuwa kimezuka Argentina, na mapema mwaka 1887, ilipofika kituo cha karantini cha Ilha Grande, merikebu ilifukuzwa na kulazimika kurudi ilikotoka na shehena yake yote.

Mwezi Julai mwaka 1887, katika bandari ya Antonina, baadhi ya mabaharia walimshambulia nahodha usiku. Slocum alifyatua bunduki, akamuua mmoja na kumjeruhi mwingine. Alishtakiwa, na mahakama ikamwachia huru kwa kuwa alikuwa akijitetea. Baadaye ndui iliingia chomboni pamoja na mabaharia wapya, na kadhaa kati yao wakafa. Ndani ya merikebu hiyohiyo, katika siku hizohizo, walikuwamo mwanamke kijana na mtoto wa miaka sita.

Pigo la mwisho lilikuja mwezi Desemba. Aquidneck ilikuwa imepakia mbao katika ghuba ya Paranaguá ilipozidiwa na upepo na mkondo wa maji. Ilipanda fungu la mchanga na kuvunjika uti wake. Hakuna aliyekufa. Slocum aliyauza mabaki, akawalipa mabaharia wake haki yao, na akabaki ufukweni na mke, watoto wawili na vitu vichache walivyoviokoa.

Uamuzi wa ufukweni

Njia iliyozoeleka kwa waliovunjikiwa na chombo ilikuwa kwenda kwa balozi mdogo wa nchi yao na kuomba kurudishwa makwao. Slocum hakuitaka njia hiyo. Alikuwa fundi wa kuunda vyombo. Miaka ya 1870 aliwahi kuunda bodi la meli ya moshi huko Ufilipino. Akaamua kwamba watarudi kwa chombo chao wenyewe.

Zana zilikuwa chache: shoka, tezo, misumeno miwili, keekee na vitu vingine vidogo. Kilichokosekana kilibuniwa. Vipande vya chuma na shaba vilivyookolewa viligeuzwa kuwa misumari. Mbao zilitoka katika misitu ya hapohapo, mti mgumu kwa sehemu ya chini na mwerezi kwa mbavuni na kwenye sitaha. Wenyeji walisaidia kazi. Victor, aliyekuwa na umri wa miaka 16, alikuwa seremala na msokota kamba. Hettie alishona matanga, na ufundi aliojifunza kwa kushona nguo za wanawake wa mjini sasa ulikuwa unategemewa na roho nne.

Mashua ilipokamilika ilikuwa na urefu wa futi 35, upana wa futi saba na nusu na kina cha futi tatu. Ilikuwa na milingoti mitatu na matanga yenye mbavu kwa mtindo wa vyombo vya Wachina. Ubavuni ilifungwa mianzi mikubwa ili isipinduke, wazo ambalo mtumiaji yeyote wa ngalawa katika pwani ya Afrika Mashariki angelielewa mara moja. Gharama yake, bila kuhesabu jasho la familia, haikufika dola 100.

Jina lililotoka katika habari za siku

Mashua iliteremshwa majini tarehe 13 Mei mwaka 1888. Siku hiyohiyo, mjini Rio de Janeiro, Binti Mfalme Isabel alitia saini sheria iliyokomesha utumwa nchini Brazil, nchi ya mwisho katika bara zima la Amerika kufanya hivyo. Kwa sababu hiyo Slocum aliipa mashua jina la Kireno: Liberdade, yaani uhuru.

Siku hiyo inaigusa pia Afrika Mashariki. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 merikebu zilichukua mateka wengi kutoka Kisiwa cha Msumbiji na Quelimane, zikaizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuwauza Brazil. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulikuwa haujafutwa kisheria visiwani humo. Hilo lilisubiri hadi mwaka 1897. Miongoni mwa walioachiwa huru na sheria ya Isabel walikuwamo watu ambao wazazi au babu zao walitoka katika mwambao huu.

Kilichobaki kilikuwa ruhusa ya kuondoka. Mashua ndogo kama ile haikuingia kirahisi katika taratibu za forodha, na Slocum akachukua leseni ya kuvua samaki ndani na nje ya mlango wa bandari. Alipouliza umbali wa kwenda nje, ofisa hakumpa kikomo. Tarehe 24 Juni familia iliuvuka mlango huo, na mwelekeo wake ulikuwa Marekani.

Safari na baada yake

Bahari haikuwahurumia. Mwanzoni kabisa upepo uliyararua matanga aliyoyashona Hettie, yakabidi yashonwe mengine. Kutoka Santos hadi Rio de Janeiro walivutwa na meli ya moshi. Waligongwa na nyangumi, wakapita Bahia na Pernambuco, na huko Barbados walisubiri msimu wa tufani upite. Mwishoni mwa Oktoba waliiona pwani ya South Carolina. Kwa hesabu ya Slocum walikuwa wamekwenda maili 5,500 kwa siku 53 za kutweka tanga. Tarehe 27 Desemba mwaka 1888, mwaka mmoja baada ya Aquidneck kuvunjika, Liberdade ilifika Washington.

Slocum aliandika kitabu juu ya safari hiyo. Mwaka 1895 aliondoka Boston peke yake kwa mashua nyingine, Spray, na aliporejea mwaka 1898 alikuwa mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa matanga akiwa pekee. Sifa yake inatokana na upweke huo. Mwaka 1909 au karibu na hapo alitweka tena na hakuonekana tena.

Hettie hakusafiri naye kwenye Spray. Baada ya Liberdade alibaki nchi kavu, na ni vigumu kumlaumu. Katika muda wa chini ya miaka mitatu ya ndoa alikuwa amepita katika kipindupindu, maasi, ndui, kuvunjika kwa merikebu na bahari ya Atlantiki juu ya mbao za futi 35.

Wahenga wa mwambao walisema: ukenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Slocum alikwenda mbali kuliko manahodha wengi, na jina lake likakaa kwenye omo ya historia. Lakini alipokuwa amepoteza kila kitu, kilichomtoa Paranaguá kilikuwa ni kamba za kijana wa miaka 16, sindano ya mwanamke ambaye hakuchagua bahari, na mikono ya wenyeji ambao majina yao hayakuandikwa.